Maneno ya Kiingereza ya Kuhesabia Vitu



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni maneno ambayo Waingereza huyatumia katika kuhesabu vitu vya kila siku. Desturi hii si ngeni kwetu. Sisi husema doti ya kanga, jora la kitambaa, mche wa sabuni, chane ya ndizi, mtungo wa samaki na tita la kuni. Na mtu akisema tita la samaki, hata mtoto atamcheka. Waingereza nao wana desturi yao, na mwenye kuagiza bidhaa kwa barua asipoishika aweza kupoteza fedha yake.

Kwanza, viko vitu ambavyo Kiingereza hakivihesabu kwa majina yake matupu. Sisi husema mikate miwili, sabuni tatu, karatasi nne. Kwao mkate mzima ni "loaf", na kipande kilichokatwa ni "slice". Sabuni huhesabiwa kwa "bar", na karatasi kwa "sheet". Basi asemaye "two loaves of bread" atapewa mikate miwili mizima, bali asemaye "two slices" atapewa vipande viwili tu.

Pili, liko neno "pair". Viatu vya miguu miwili ni "a pair of shoes", na hilo halina shida. Lakini mkasi mmoja, suruali moja na miwani moja pia huitwa "a pair", kwa kuwa kila kimoja kina sehemu mbili zilizoungana. Fundi cherehani atakaye mikasi miwili aandike "two pairs of scissors", wala asidhani kwamba ataletewa minne.

Tatu, yafaa kupambanua chombo na kilichomo. "A cup of tea" ni chai iliyo kikombeni, bali "a teacup" ni kikombe chenyewe, hata kikiwa kitupu. Vivyo hivyo "a box of matches" ni kiberiti pamoja na njiti zake. "A matchbox" ni kikasha chake tu. Na "a match" ni njiti moja.

Nne, yako maneno ambayo maana yake hugeuka kwa neno linalofuata. "Cloves" ni karafuu, kama zile za Unguja na Pemba. Lakini "a clove of garlic" ni punje moja ya kitunguu saumu.

Mwisho, wenye maduka wajihadhari na hesabu za jumla. "Dozen" ni 12, lakini "gross" ni dazeni 12, yaani 144. Mtu akiandika "five gross" kwa kalamu za risasi, akidhani kwamba ni dazeni tano, ataletewa kalamu 720 badala ya 60, na muuzaji hana lawama, maana ameleta kilichoandikwa.

Kwa hiyo twawashauri: mjifunzapo jina la kitu, jifunzeni papo hapo na neno lake la kuhesabia, kama mtoto ajifunzavyo chane pamoja na ndizi. Katika barua ya kuagiza, andikeni idadi kwa tarakimu pia. Na penye shaka, ulizeni kabla barua haijatiwa posta. Kuuliza si ujinga.