Kurudi Nyumbani na Moyo Mpya

Dominika ya Tano ya Kwaresima, Mwaka A
Masomo: Ezekieli 37:12-14, Yohane 11:1-45



Katika somo la kwanza Nabii Ezekieli anatangaza kwamba Mungu atafungua makaburi ya watu wake, atawatoa humo na kuwarudisha katika nchi yao. Sisi tunaoishi chini ya Kibo na Mawenzi hatuhitaji kufafanuliwa sana lugha hiyo. Wazee wetu wamelala kihambani, kati ya migomba na mibuni. Na ndugu yetu akifariki Dar es Salaam, tunachanga fedha na kumpandisha mlimani ili alale kwao. Ezekieli alisema na watu wenye uchungu huohuo. Yerusalemu ilibomolewa mwaka 587 kabla ya Kristo, nao wakahamishiwa Babeli, mbali na makaburi ya baba zao. Mwaka 538 Koreshi, Mfalme wa Uajemi, aliwaruhusu kurudi. Hivyo unabii huo ulianza kutimia zamani sana.

Lakini katekista mmoja alituletea swali ambalo wengi wenu mnalo. Mjini Moshi amewasikia wahubiri wakisema kwamba kurudi kwa Wayahudi, na taifa la Israeli lililotangazwa tarehe 14 Mei 1948, ni dalili kwamba mwisho wa dunia umefika. Je, tuamini hivyo?

Kwanza, hamu ya watu hao tusiidharau. Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi walioteswa huko Ulaya ya Mashariki makazi katika uwanda wa Uasin Gishu, ndani ya Kenya ya leo. Mwaka 1905 mkutano mkuu wa Wazayuni uliikataa ardhi hiyo, kwa sababu haikuwa nchi ya baba zao. Nao Wanandi na Wamasai, waliochunga ng'ombe katika nyanda hizo, hawakuulizwa neno.

Tena majirani zetu Wayahudi wa Ethiopia, waitwao Beta Israeli, walitembea kwa miguu hadi Sudani wakitafuta njia ya kwenda Yerusalemu. Maelfu walifia njiani na kambini. Mwezi Mei 1991 ndege zilichukua zaidi ya watu 14,000 kutoka Addis Ababa kwa muda usiotimia siku mbili. Hata hivyo, mwaka 1996 watu hao waliandamana Yerusalemu, baada ya kugundua kwamba damu waliyojitolea hospitalini ilikuwa ikitupwa. Kumbe mtu aweza kufika nchi ya baba zake, na bado asipokewe kama ndugu.

Kanisa latufundisha nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unasema kwamba Wayahudi wangali wapenzi wa Mungu kwa ajili ya mababu zao. Na mwaka 1985 Vatikano ilieleza kwamba dola ya Israeli na siasa zake zipimwe kwa kanuni za sheria zinazoyaongoza mataifa yote. Kuhusu tarehe ya mwisho, Bwana mwenyewe aliwanyima Mitume kalenda hiyo (Mdo 1:7). Basi sisi tusiitunge.

Apendaye kupima mambo kwa unabii, na aupime unabii wote. Katika sura ya 36 Ezekieli anasema Mungu atawakusanya watu wake. Papo hapo anaongeza kwamba atawaondolea moyo wa jiwe. Na katika sura ya 47, nchi inapogawanywa, Mungu anaamuru wageni wanaokaa kati yao wapewe urithi sawa na wazaliwa. Neno hilo ni zito, tukikumbuka Wapalestina mamia ya maelfu waliopoteza makao yao mwaka 1948, wakiwamo Wakristo wenzetu.

Lakini tusimhukumu mtu wa mbali tukajisahau. Kila Desemba magari hupanda Rombo, Marangu, Kibosho na Machame. Nasi twarudi nchi ya baba zetu. Je, twarudi na moyo gani? Tuliitwa kusuluhisha shauri la kihamba. Mtu alikuwa amerudi kutoka mjini, akamtaka mjane wa kaka yake aondoke. Yule mama hakubishana. Aliuliza tu: "Shemeji, na kaburi la mume wangu nalihamishia wapi?" Shemeji hakujibu, na shauri hilo halijaisha hadi leo.

Ndugu, kama unatusikia, tunasema nawe kwa upendo. Katika Injili Yesu alisimama mbele ya kaburi la Lazaro na kuagiza kwanza jiwe liondolewe. Hakuliondoa yeye, aliwaachia watu kazi hiyo. Jiwe lililofunga kihamba chenu ni lako kuliondoa. Na ninyi nyote mnaogombana na ndugu zenu, mnayajua masale. Ndiyo mpaka wa vihamba vyetu, na ndiyo majani ambayo Mchagga humpelekea aliyemkosea ili kuomba radhi. Kabla ya Pasaka, asiwepo kati yetu anayesogeza masale usiku. Awepo anayeyachuma mchana na kuvuka nayo mpaka.

Ee Mungu, unayewakusanya waliotawanyika, uwajalie amani wote wanaokaa katika nchi aliyozaliwa Mwanao, nasi uturudishe nyumbani na moyo mpya. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.