UONGOZI NA UMOJA KATIKA CHAMA CHA MICHEZO: FUNZO KWA WANAUSHIRIKA

(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu)



Tumepewa heshima ya kusema machache siku hii ya furaha. Huenda wengine watashangaa kwamba katika sherehe ya kahawa na mizani sisi twazungumza habari za mpira. Sababu yetu ni hii: timu ya mpira na chama cha ushirika ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili ni watu wengi waliokubaliana kufanya kazi moja. Na vyote viwili huharibika kwa njia moja, yaani viongozi wanapodhani kwamba wao ndio chama, au wanachama wanapodhani kwamba wao ni watazamaji tu.

Katika nchi ya Brazil, mjini São Paulo, kuna chama cha mpira kiitwacho Corinthians, kilichoanzishwa na wafanyakazi wa kawaida mwaka 1910. Mwaka 1981 timu yake ilicheza vibaya hata ikalazimika kuyaanza mashindano ya taifa ya mwaka 1982 katika daraja la pili. Siku hizo Brazil ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, uliodumu tangu 1964 hadi 1985, na vyama vya mpira navyo viliongozwa kwa desturi hiyo hiyo: mkubwa huamuru, mdogo hutii. Wachezaji, watu wazima wenye wake na watoto, walifungiwa hotelini kabla ya mchezo kama watoto wa shule ya bweni.

Ndipo Rais wa chama, Waldemar Pires, alipomkabidhi uongozi wa mambo ya mpira Adílson Monteiro Alves, msomi wa elimu ya jamii ambaye mpira haukuwa kazi yake. Bwana huyu hakuanza kwa kutoa amri. Alianza kwa kuwasikiliza wachezaji. Tangu hapo mambo ya timu yakapigiwa kura: saa za mazoezi, mipango ya safari, kusajili wachezaji wapya, na ile desturi ya kufungiwa hotelini, ambayo mwishowe ikawa hiari. Kura ya Rais ilikuwa na uzito ule ule wa kura ya mtunza jezi. Miongoni mwa wachezaji walioshika usukani walikuwamo Sócrates, daktari wa tiba na nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la 1982. Wladimir, mlinzi wa kushoto aliyeichezea timu hiyo zaidi ya mara 800. Na Casagrande, kijana ambaye mwaka huo alitimiza miaka 19.

Mwenye shaka angeweza kusema kwamba timu ya namna hiyo itakesha katika mabishano. Lakini Corinthians walitwaa ubingwa wa jimbo la São Paulo mwaka 1982, wakautwaa tena mwaka 1983, na katika fainali zote mbili waliishinda timu ya São Paulo. Tena mwezi Novemba 1982 walivaa jezi zilizoandikwa mgongoni maneno ya kuwahimiza wananchi wakapige kura tarehe 15.

Ndugu wanachama, yafaa tujiulize nguvu hiyo ilitoka wapi. Kura peke yake haifungi goli. Lakini mtu aliyeipigia kura saa ya mazoezi hana tena ruhusa ya kuchelewa na kusema kwamba saa hiyo ilipangwa na bwana mkubwa. Naye ambaye shauri lake limeshindwa hana budi kuubeba uamuzi wa wenzake kana kwamba ni wake, maana kesho huenda likashinda lake, naye atawahitaji wao. Huo ndio umoja. Si kwamba watu wote waliwaza sawa. Ni kwamba baada ya kuhesabu kura walivuta kamba upande mmoja.

Tena tuangalie jambo la pili. Ndani ya dakika 90 hakuna kura inayopigwa. Mwenye mpira mguuni huamua mwenyewe, na huamua upesi. Majadiliano yana mahali pake, nao utendaji una mahali pake.

Hata hivyo utaratibu ule haukudumu. Mwaka 1984 Sócrates alikwenda Fiorentina ya Italia. Na mwaka 1985 Adílson alishindwa katika uchaguzi wa chama, na mambo yakarudi yalivyokuwa. Kwa maoni yetu, jambo jema lililokaa vifuani mwa watu wachache liliondoka pamoja nao.

Mwaka ule ule wa 1982, hapa kwetu Tanzania, ilitungwa sheria iliyovirudisha vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa vimevunjwa mwaka 1976. Wazee wetu wakumbuka miaka ile walipopeleka mazao yao kwa mamlaka ambazo wao hawakuwa na kura ndani yake. Kwa hiyo kura ya mwanachama si pambo la mkutano.

Twasema haya kwa kuwa Mkutano Mkuu ujao utaletewa shauri zito. Wapo ndugu wanaotaka neno la kuuza kahawa, kama ni mnadani au kwa mnunuzi wa moja kwa moja, liachwe kwa Halmashauri peke yake, kwa sababu mikutano huchelewesha na bei haingoji. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wapo wengine wanaotaka kila gunia lijadiliwe na wajumbe wote. Hao nao wataka kupiga kura katikati ya mchezo.

Shauri letu ni hili: Mkutano Mkuu uweke mipaka, yaani bei ya chini tusiyoweza kuishuka, na masharti ya mnunuzi tunayeweza kumwamini. Ndani ya mipaka hiyo Halmashauri na Meneja wauze upesi, kisha walete hesabu mbele yetu, shilingi kwa shilingi. Na utaratibu huo tuuandike katika masharti ya chama, ili siku sisi tuliopo tutakapoondoka, wanaotufuata waukute.

Basi kila chama cha msingi kilete wajumbe wake, nao waje wakiwa wamewasikiliza waliowatuma. Penye wengi pana mengi. Nasi twataka yaliyo mema kati ya hayo mengi yapate kusikika kabla kahawa haijatoka ghalani.

Twawatakia nyote heri ya sikukuu hii, na miaka 10 mingine ya kazi na mavuno.

Ushirika udumu.