Hotuba ya Karani wa Chama: Mtoto Mwenye Ugumu wa Kusoma na Vyombo vya Kumsaidia



Mmekwisha kusikia hesabu ya mfuko wetu wa masomo. Fedha zote za mwaka huu zimewaendea watoto waliopata alama za juu. Jambo hilo ni jema, nami silipingi. Lakini yuko mtoto ambaye kwa kanuni hiyo hatafikiwa na senti moja ya chama hiki, naye ndiye nimsemeaye leo.

Mtoto huyo si mvivu wala si mpumbavu. Mpe habari kwa mdomo, ataisimulia yote. Mpe karatasi, herufi zitamchanganya. Na neno alilolisoma mstari wa juu, mstari wa chini halijui tena. Wataalamu huiita hali hiyo disleksia. Hapa kwetu yatupasa kuangalia vema, kwani mtoto hujua Dholuo kwanza, kisha hukutana na Kiswahili na Kiingereza darasani. Akishindwa kwa Kiingereza peke yake, huenda ni ugeni wa lugha. Akikwama hata katika Dholuo baada ya kufundishwa, na apelekwe kupimwa. Vituo vya kazi hiyo vilianza nchini mwaka wa 1984.

Zamani dawa ilikuwa fimbo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imeikataza. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Vifaa hivyo si lazima viwe vya gharama kubwa. Mwalimu aweza kusoma somo na kulirekodi katika simu, mtoto akalisikiliza tena na tena huku kidole chake kikifuata maneno kitabuni. Kazi hiyo haihitaji intaneti. Simu nyingi za siku hizi zaweza pia kusoma maandishi kwa sauti na kukuza herufi. Naye mtoto aweza kujibu kwa kusema, ili mwalimu apime ujuzi wake pasipo kupima mwandiko.

Lakini tusidanganyike. Mwalimu ndiye afundishaye herufi, polepole, sauti baada ya sauti. Simu pasipo yeye ni kitu cha kuchezea, na pasipo umeme wa kuichaji ni jiwe.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, sehemu ya kumi ya mfuko wa masomo itengwe kwa nauli ya watoto wanaopelekwa kupimwa, na kwa simu za kutumiwa darasani. Pili, kila mjumbe aulize katika shule iliyo karibu naye ni nani akaaye nyuma ya darasa bila kuulizwa swali. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Mtoto huyu ni wetu sawasawa na yule aliyefaulu, wala wazazi wake hawatoi ada ndogo kuliko wengine katika chama hiki.