MANENO YALIYOSEMWA KWENYE AROBAINI YA MZEE DALALI



Nimeombwa niseme machache. Yule mzee tulimwita Dalali mpaka jina lake la kwao likasahaulika. Zaidi ya miaka hamsini alitembeza watu kwa miguu kuwaonyesha mashamba na viwanja, mvua au jua, yeye na fimbo yake. Udalali una sifa mbaya, tusidanganyane. Wapo wanaouza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Yeye hakuuza hata hatua moja mpaka majirani wa pande zote nne wasimame mpakani, kila mtu penye minyaa yake.

Na akina mama hawatasahau hili. Mwanamume akija kuuza nyumba, mzee aliuliza: "Mama watoto yuko wapi?" Hayupo? Hakuna biashara. Wakamwona mkorofi. Kumbe Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hela ngapi za udalali alizikosa hapo! Mwenyewe kafia nyumba ya udongo.

Sasa, ndugu zangu, mipaka mingi alikuwa nayo kichwani. Wengi walinunua kwa mashahidi tu, Halmashauri ya Kijiji hawakufika, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila. Na hao mashahidi wanapukutika. Daftari lake lipo kwa mjane; kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Mama amekubali lisomwe hapa ofisini. Mwenye shamba lililopitia kwa mzee aje, lakini aje na majirani zake, sio peke yake.