Kufukuzwa Mwezi wa 11

Leo tutazame Korea ya Kusini. Waalimu wa Kiingereza katika madarasa ya kulipia, yaitwayo hagwon, hutoka hasa nchi 7, Afrika ya Kusini ikiwemo. Mkataba ni mwaka 1. Nyumba mara nyingi ni ya tajiri, na ruhusa ya kukaa nchini imefungwa kwake; ukifukuzwa, kazi na kitanda vyaenda pamoja. Sheria yasema aliyetimiza mwaka apewe mshahara wa siku 30 akiondoka. Basi matajiri wengine humfukuza mwezi wa 11! Wengine humwandika mkandarasi, wasilipe kitu. Hila hiyo twaijua sisi tulioitwa vibarua miaka na miaka. Lakini waalimu kadha walishitaki, na mahakama ikatazama kazi yenyewe, si jina lililoandikwa. Wakashinda.