Beni kabla ya risasi

Mtoto wa Kikongo anayekulia hapa Farsta, Uswidi, analijua jina la Goma. Alilisikia Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na simu za wazazi zikawa zinaita usiku kucha. Asichokijua ni jinsi watoto wa kwao wanavyocheza.

Ndiyo maana nakipenda kitabu cha Michel Chikwanine. Michel alikulia Beni, Kivu Kaskazini, jimbo lile lile la Goma. Mwaka 1993, akiwa na miaka mitano, waasi walimteka akicheza mpira na wenzake baada ya shule, wakamfanya askari. Alitoroka, akarudi kwao. Baadaye ukimbizi ukamfikisha Kanada. Mwaka 2015 yeye na Jessica Dee Humphreys walitoa kitabu kiitwacho Child Soldier, michoro ikiwa ya Claudia Dávila. Kinawafaa watoto wa miaka kumi na kuendelea. Wadogo zaidi msiwape.

Kinachonigusa ni ule mpira. Vita vilimkuta Michel uwanjani, mtoto kama watoto wote. Sisi watoto wetu wakituuliza, ama tunanyamaza, ama tunarukia risasi na kukimbia. Mtoto anabaki akidhani kwao ni msitu na maiti tu. Hajui mpira wa matambara unavyokazwa kwa kamba za mgomba hadi udunde. Hajui kakao ya Beni inavyoanikwa juani huku kuku wakifukuzwa, wala harufu ya sombe ikichemka na mawese jioni. Asipojua kilichokuwepo, atajuaje bibi yake analilia nini?

Tuwasimulie, tena kwa Kiswahili. Sheria ya maktaba ya Uswidi ya 2013 inazitaka maktaba za umma ziwajali hasa wenye lugha mama isiyo Kiswidi, na maktaba ya Farsta iko palepale kwenye maduka. Ingieni mkaulize vitabu vya Kiswahili vya watoto. Mkikuta rafu haina kitu, pendekezeni vitabu vya kununuliwa, mapendekezo yanapokelewa.

Nanyi waandishi na wachoraji wa Kivu mlioko Ulaya, tunawaomba kitabu cha picha cha mtoto wa miaka minne au mitano: kijiji, watu wake, michezo yake, kisha ile siku watu walipofunga virago. Kurasa nyingi ziwe za kijiji.