Mizani ya Majani na Kipimo cha Damu



Naanza na mizani, kwa sababu huku kwetu Kericho mizani ndiyo iliyotangulia kusema. Kabla dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi hazijaenea, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipekua rekodi za uchumaji katika mashamba ya chai ya Kericho. Walichapisha matokeo mwaka 2004. Mchumaji aliyekuja kufa au kuacha kazi kwa sababu ya Ukimwi alikuwa, katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho, akileta kati ya kilo 4 na 8 hivi pungufu kwa siku kuliko wenzake. Nyapara aliona kikapu hakijajaa, na huenda akadhani ni uvivu. Kumbe mtu alikuwa akiishiwa nguvu mbele ya macho yake.

Leo tuna kipimo cha pili: wingi wa virusi katika damu. Tangu 2018 wagonjwa wengi nchini wamehamishiwa kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Kidonge hiki huzuia virusi kuzaana, lakini hakivifikii vile vilivyojificha ndani ya seli. Ukiacha kukimeza, virusi hurudi baada ya wiki chache tu. Ukimeza leo ukaacha kesho, virusi huzaana huku dawa kidogo ikiwa bado damuni, na vinavyosalia ni vile vilivyojifunza kuihimili. Ukimeza sawasawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo, unaishi na nguvu zako, na mwenzako wa ndoa hapati virusi kutoka kwako kwa njia ya kujamiiana. Jambo hili la mwisho ningependa litangazwe kwa sauti kila kanisa na kila baraza la chifu.

Utafiti wa kitaifa kuhusu virusi vya Ukimwi, KENPHIA, wa 2018 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 10 waliojua hali yao na kutumia dawa, takriban 9 walikuwa na virusi chini ya nakala 1,000 kwa mililita ya damu. Basi dawa inafanya kazi. Mhadhara wangu unamhusu yule wa kumi.

Tuitazame siku yake. Saa moja asubuhi yumo kwenye majani, umande umemlowesha hadi kiunoni licha ya aproni ya plastiki. Analipwa kwa kilo. Siku ya kufuata dawa, kliniki inafunguliwa saa mbili, foleni ni ndefu, kisha atolewe damu, aonane na mshauri, asubiri dawa. Akirudi saa saba, wenzake wameshapima mara moja na chai nzuri ya asubuhi imekwisha chumwa. Sisi tunamwambia huduma ni ya bure. Yeye ameilipia kwa kilo alizozikosa, na mwisho wa mwezi watoto watauliza karo. Ndiyo maana kumpa mtu aliye imara dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo mmoja ni tiba kamili, wala si upendeleo.

Jioni anarudi kwenye nyumba ya kampuni, chumba kimoja, ukuta mmoja na jirani. Kopo la vidonge linalia. Nani hajui mlio ule? Hivyo anavihamishia kwenye karatasi, avifunge kwenye pindo la leso. Lakini kopo lile limewekewa kifuko cha kunyonya unyevu kwa sababu maalumu, na Kericho ni nchi ya mvua. Anayeficha dawa kwa mume au jirani huikosa siku ambayo mume hakutoka nyumbani. Katika kazi yangu yote sijaona kitu kinachosaidia kushinda mtu mmoja wa nyumbani anayejua, anayeuliza jioni, "Umemeza?"

Na nyumba yenyewe inafuata kazi. Mwezi Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai hapa Kericho. Sitazungumzia kitendo hicho usiku wa leo, ila hofu ya kupoteza kazi iliyokuwa nyuma yake. Anayepoteza kazi anapoteza chumba, na aliyetoka Kisii au kwingineko Nyanza au ndani ya Bomet huondoka bila barua ya uhamisho wa kliniki, akaanze upya mahali asipojulikana. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi wa kliniki nchini waliozoea kuwatafuta watu kama hao walirudishwa nyumbani.

Yapo pia mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyajua tusipomwambia. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa mama mjamzito, vikimezwa pamoja na dolutegravir kabla ya kula, huizuia isifyonzwe vizuri. Dawa za kiungulia zenye madini ya alumini au magnesi nazo huizuia. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huishusha dolutegravir damuni, hata dozi ya dolutegravir ikahitaji kuwa mara mbili kwa siku. Mama anaweza kuwa amemeza kila kidonge bila kukosa, na bado akakutwa na virusi vingi, akakaripiwa.

Kwa hiyo nawaomba, wanafunzi wangu wa udaktari na uuguzi, mliache neno "mtoro". Nyapara hulitumia kwa aliyekosa zamu, nasi tumeliazima bila kufikiri. Mtu akija na virusi vingi, muulizeni kwanza: Unaanza kazi saa ngapi? Unalala na nani chumbani? Dawa umeiweka wapi? Unameza nini kingine? Na siku ile uliyokuja hapa, ulikosa kilo ngapi? Yaandikeni majibu kwenye faili, mstari wa juu kabisa, kabla ya ile namba iliyotoka maabara.